Fizi kutoa damu sio kawaida jamani

Huku Mwanza ukisema fizi zinatoa damu utaambiwa badilisha mswaki au sukutua maji ya chumvi, basi, na hilo linaniuma sana kwa sababu mamdogo wangu wa Kirumba meno ya mbele yalianza kucheza na hana hata jino moja lililotoboka. Tena hasikii maumivu, ndo ubaya wa huu ugonjwa wa fizi, mara nyingi hauumi mpaka umeshafika mbali.

Tukaenda kwa daktari wa meno. Akachukua kijichuma chembamba chenye alama za milimita akawa anakipitisha taratibu kati ya fizi na jino huku anamtajia nesi namba, mbili, tatu, sita... kwenye fizi yenye afya kwa kawaida kina hakizidi milimita 3, ikianza 4 kwenda juu na damu inatoka ujue fizi imeachia jino, pamekuwa na mfuko na humo bakteria wanasababisha mfupa unaoshika jino uliwe. Na mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe.

Akapigwa ganzi, wakakwangua ugaga mpaka chini ya fizi, ule mweusi mgumu kama kokoto, mswaki hauutoi hata usugue vipi. Wakampima na sukari, maana kisukari kinaharibu fizi haraka na fizi zenye maambukizi nazo zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Wavuta sigara ndo wawe makini zaidi, fizi zao zinaweza zisitoe damu nyingi wakajiona wazima.

Saivi mamdogo anatumia na uzi wa meno kila usiku, akirudi kliniki ile mifuko itapimwa upya, ikiwa bado mirefu huenda akafanyiwa upasuaji mdogo wa fizi.