Kuitafuta molekuli ndani ya utando wa lipidi: kumbukumbu ya programu yangu

Tarehe 8 Machi

Swali ninalolifuatia ni moja: dawa inapoingia katika utando wa seli, hukaa kwenye ukingo ulio karibu na maji, au huzama katikati ya mikia ya mafuta? Muoni chanya, chembe ndogo yenye chaji chanya na nyepesi kuliko protoni, inaposimama ndani ya sampuli huweza kunasa elektroni na kuwa muoniamu, ambayo kikemia ni haidrojeni yenye takriban moja ya tisa ya uzito wa ile ya kawaida, nayo hujibandika kwenye pete ya benzini iliyomo katika dawa nyingi na kuifanya radikali, yaani molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzi. Muoni huishi kwa wastani wa maikrosekunde 2.2, kisha hutoa positroni (elektroni yenye chaji chanya) inayoelemea upande uliokuwa ukielekewa na spini yake, yaani usumaku wake mdogo wa asili. Positroni zinapohesabiwa huku uga wa sumaku ukipandishwa kidogo kidogo, resonansi, yaani badiliko la hesabu hiyo kwenye uga fulani maalumu, huonekana pale mpangilio wa spini unapovurugika.

Programu yangu inakokotoa resonansi hizo. Nimeanza na feniletanoli, yenye pete moja na mkia mfupi. Wanaokeneka marashi ya waridi wanaijua harufu yake, na sehemu yake kubwa hubaki katika maji badala ya mafuta. Kwa hiyo hata nje ya maabara tabia yake ya kuchagua makazi inajulikana.

Tarehe 15 Machi

Wiki nzima imeliwa na alama moja ya hesabu, kujumlisha au kutoa. Kwa benzini yenyewe, ambako mwingiliano wa muoni na elektroni ni takriban megahezi 514, resonansi ya kwanza inapaswa kuwa karibu na tesla 1.89 (tesla ni kipimo cha uga wa sumaku), lakini programu ilinipa 1.91. Katika kanuni ya kukokotoa mahali pa resonansi, nilikuwa nimeijumlisha sehemu ya elektroni badala ya kuitoa. Tofauti ya militesla 18 yaweza kudharauliwa, ila kila megahezi moja husogeza mstari huo kwa militesla 3.7 hivi, na kosa langu lilikuwa sawa na megahezi 5. Kwa kuwa kutoka kwenye mafuta hadi kwenye maji mwingiliano huo huongezeka kwa megahezi chache tu, ningeiweka molekuli mahali isipokuwapo na kuamini nimegundua jambo.

Tarehe 23 Machi

Leo nimeongeza mzunguko wa molekuli. Katika kimiminika, ambamo inageuka huku na huko kwa uhuru, resonansi ya kwanza hutoweka. Ndani ya utando wenye mpangilio hubaki. Kwangu huu ndio uzuri mkubwa wa njia hii, kwamba kuwapo kwa mstari peke yake ni ushahidi kwamba molekuli imo ndani ya utando. Lipidi niliyoichagua, yaani molekuli ya mafuta inayojenga utando, ni DMPC, ambayo mikia yake hulegea karibu na nyuzi 24 za Selsiasi, hivyo nitakokotoa chini na juu ya hapo kabla ya kuihamia lidokaini, dawa ya ganzi ambayo pete yake tayari ina vikundi viwili vya methili.