Nikiwa Kilambo, nikauwaza Ohio

Jana nilikaa Kilambo, mpakani na Msumbiji, kungoja kivuko, mto Ruvuma ukipita mbele yangu na maji yake ya rangi ya chai ya maziwa. Huko juu umeshaupokea mto Lugenda wa Msumbiji. Nikaikumbuka ramani ya Marekani niliyoibandika chumbani. Mto Missouri, ulio mrefu kuliko mto Mississippi, unaingia katika Mississippi karibu na St. Louis. Kusini zaidi, mjini Cairo wa Illinois (si ule wa Misri), unakuja mto Ohio, uliozaliwa Pittsburgh pale mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana. Huu Ohio ndio unaonigusa: pale Cairo kwa kawaida huleta maji mengi kuliko Mississippi wenyewe, ila jina lake linakomea hapo. Mimi ningeuachia jina mpaka baharini, Ghuba ya Mexico. Na Lugenda wetu je?