Rafu ya 636.5: siku moja maishani mwangu maktabani

Saa moja na nusu asubuhi. Ukungu wa Usambara bado umelalia mabati ya mji wetu, nami nafungua mlango wa maktaba. Wasomaji wataingia saa tatu, ila kazi ya rafu haifanyiki watu wakiwa ndani. Napita taratibu nikisoma namba migongoni mwa vitabu. Kitabu kilichorudishwa pasipo pake kinaniumiza kuliko kilichoibwa: daftari linasema kipo, rafu inasema hakipo, na msomaji anarudi kwao mikono mitupu. Leo nimekuta cha fizikia kimejibana katikati ya tamthilia.

Saa tatu. Wa kwanza ni babu wa magazeti, kama kawaida. Namwamkia, ananiitikia, anauliza kama la jana limefika. Huku kwetu magazeti huja na basi la mchana, kwa hiyo asubuhi husomwa ya jana. Alijifunza kusoma akiwa kijana mkubwa, kwenye madarasa ya jioni yaliyofunguliwa baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mpaka leo anafuata mstari kwa kidole, midomo ikicheza, na haruki hata tangazo la zabuni. Kiti cha dirishani, penye mwanga, namwachia yeye.

Saa nne na nusu. Ameingia mama mmoja, kandambili zina matope, anasimama mlangoni kama aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

“Karibu, mama. Pita ndani.”

“Ahsante, mwanangu. Eti mna kitabu cha kuku?”

Vitabu vya kuku vipo vitano. Ningeweza kumwekea vyote mezani nikarudi kitini, lakini nilipokuwa nasomea ukutubi Bagamoyo tulifundishwa kuuliza kwanza, na sijaona somo lililonifaa zaidi ya hilo.

“Kuku wamefanyaje, mama?”

Hapo ndipo maneno yalipomtoka. Alikuwa nao thelathini, wamebaki tisa. Wanaharisha kijani, mabawa yanalegea, shingo inapinda, kesho yake amekufa. Ada ya mtoto ilikuwa inatoka humo bandani.

Nikamchukua hadi rafuni na kumwonyesha njia, ili siku nyingine asinihitaji: 600 ni teknolojia, humo ndani 630 ni kilimo, 636 mifugo, na 636.5 ni ndege wafugwao, kuku wakiwemo. Tukaketi. Anasoma vizuri ila herufi ndogo zinamsumbua, basi nikamsomea kwa sauti ya chini. Dalili zake zinafanana na za mdondo, ule ambao wengine huuita kideri. Hauna tiba; una chanjo. Ile iitwayo I-2 hudondoshewa kuku ambaye hajaugua, tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi.

Akanyamaza kidogo. “Kwa hiyo ile mishubiri niliyokuwa nawanywesha...”

“Uliwapa kwa kuwapenda, mama. Ila kitabu hakijawaona kuku wako. Nenda leo kwa afisa mifugo wa kata, mweleze kama ulivyonieleza mimi.” Nikamwandikia dalili zote kwenye karatasi, asije akasahau moja. Alitaka kuondoka na kitabu, lakini si mwanachama bado. Nikampa fomu: picha ndogo, na mdhamini wa kusaini.

Saa sita umeme umekatika, kijana akiwa ukurasa wa mwisho wa maombi ya ajira. Amekaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta. Nimemshauri aandike barua yake kwa mkono wakati tunasubiri, nami nimeipitia. Umeme uliporudi saa nane alikuwa na barua bora kuliko ya asubuhi.

Saa tisa, watoto! Wametoka shule na miwa, vidole vinanata, kwa hiyo safari ya kwanza ni bombani. Kisha mkekani. “Hadithi, hadithi!” nasema, nao wanapaza: “Hadithi njoo!” hadi babu anainua macho kwenye gazeti. Simkatazi mtoto kelele saa hiyo. Wengi wao nyumbani wana vitabu vya shule tu, na nataka wajue kuwa kuna kingine cha kusomwa kisicho na mtihani nyuma yake. Mmoja wa darasa la pili leo amesoma ukurasa mzima peke yake, akarudia, akarudia tena.

Saa kumi na moja ukumbi unatulia. Yupo binti anayeshona nguo sokoni. Novemba atafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anakuja akishafunga cherehani, bado ana nyuzi kwenye sketi. Kwao ni chumba kimoja na wadogo zake wanne. Haombi kitabu, maana anacho. Anachokuja kutafuta ni meza, taa na utulivu. Kwa ajili yake huwa nachelewa kuanza kuinua viti.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, yule mama amerudi anahema. Fomu imesainiwa, picha ipo. Afisa mifugo atakuja kesho asubuhi. Nimemwandikia kadi, nikagonga muhuri wa tarehe: wiki mbili.

“Na ule ukurasa, mwanangu?”

Nimekata kipande cha karatasi, nikakiweka penye mdondo.