CNQX iliyozuia nusu tu: jinsi nilivyotatua

Kwenye vipande vya ubongo wa panya, CNQX (kemikali ya kuzuia vipokezi vya AMPA, vinavyopokea glutamati kati ya neva) ya mikromola 10 ilipunguza mkondo wa umeme wa vipokezi hivyo nusu tu. Kuongeza dozi na kubadilisha mirija hakukusaidia. Jibu lilikuwa kwenye lebo: halikuwepo neno "disodiamu". CNQX disodiamu ni chumvi, nayo huyeyuka majini. CNQX isiyo chumvi haiyeyuki vizuri majini, huacha chembe chini ya kichupa.

Nikayeyusha miligramu 2.32 kwenye mililita 1 ya DMSO (kiyeyushi cha maabara), yaani milimola 10, nikagawa vichupa, nikagandisha. Kipimo: mikrolita 1 kwa mililita 1 ya myeyusho wa kuogeshea vipande, ukikoroga unapodondosha.

Angalizo: DMSO huganda kwenye nyuzi 18 hivi. Ukinyonya kichupa kikiwa na barafu chini, dozi ni bahati nasibu. Subiri kiyeyuke chote, kitikise, kimulike.