Linux kwenye meinfremu: mpangaji aliyezoea nyumba ya peke yake

Juzi nimekaa na laptopu mpaka saa nane usiku, nimewasha Hercules, ile programu ya bure inayoiga meinfremu za IBM, yale makompyuta makubwa ya mabenki, na ndani yake kuna Debian, aina mojawapo ya Linux, ya s390x, yani ya prosesa za meinfremu hizo, ambayo kuinstoli tu kulikula usiku mzima wa kabla yake. Nikakosea namba moja kwenye anwani ya mtandao, basi SSH, njia ya kuingia kupitia mtandao, ikafa, kilichobaki ni konsoli. Naita edita ya vi nifungue faili, wapi. Konsoli ya aina hii haipeleki herufi moja moja kama tulivyozoea, unaandika mstari mzima, unabonyeza Enter, ndo mstari unaenda, kwa hiyo edita yoyote inayochora skrini nzima haina kazi hapo. Hata Ctrl-C hamna, unaandika ^ na c alafu Enter. Nikarekebisha ile namba kwa sed, amri inayobadilisha maandishi bila kufungua faili, mstari mmoja, nimeusoma mara tatu kabla ya kubonyeza. Ping, ile ya kujaribu mtandao, iliporudi nikashusha pumzi.

Watu wengi wakisikia Linux kwenye meinfremu wanadhani kazi kubwa ilikuwa kuifanya iwake. Hilo liliisha mapema, Desemba 1999 IBM walitoa viraka vya kaneli, yani moyo wa Linux, vilivyotengenezwa Böblingen kule Ujerumani, 2000 SUSE wakawa na toleo la kuuza, na mwaka huohuo zikaja prosesa za IFL, za Linux tu, ambazo hazipandishi bili ya leseni za ile mifumo mingine ya mashine, na hapo watu wa fedha wakaanza kusikiliza. Shida zenyewe zilianza ilipokwisha kuwaka.

Kwa ninavyoelewa mimi kiini ni kimoja. Linux ilikulia kwenye PC, nyumba ya peke yake, maji yote yake na umeme wote wake. Meinfremu yenye z/VM, programu ya IBM inayoigawa mashine moja iwe kama kompyuta nyingi, ni nyumba ya kupanga, wapangaji mia, mita moja, bomba moja uani. Mtu anayeitwa David Boyes mwaka 2000 aliwasha Linux zaidi ya 41,000 kwenye mashine moja, yani nyumba inaweza kubeba watu, lakini inabidi wajue kuishi na wenzao.

Na Linux haikujua. Kaneli za wakati ule zilikuwa na saa inayogonga mara 100 kwa sekunde hata kama hakuna kazi yoyote. Kwenye PC yako hilo hulioni. Sasa weka wapangaji 200 waliolala, kila mmoja anaamka mara 100 kwa sekunde kuuliza kama kumekucha, prosesa inakwisha kwa watu ambao hawafanyi chochote, na z/VM inawaona wako macho kwa hiyo inashindwa hata kuwanyang'anya memori. Ilibidi saa ile ifundishwe kunyamaza mpangaji akilala. Memori nayo hivyohivyo: Linux ikiona nafasi inaijaza nakala za mafaili, kwake nafasi tupu ni hasara, kumbe jirani anaihitaji. Ndo maana wataalamu wa z/VM wanakwambia mpe kila mmoja memori ya kubana, jambo ambalo admini aliyetoka kwenye seva za kawaida anaona kama anaonewa.

Na hapo tunafika kwenye watu, ambako mimi naona ndo kugumu zaidi. Rafiki yangu alikuwa kwenye kampuni moja yenye meinfremu, akamwendea mzee wa mashine akamwambia, "Shikamoo mzee, naomba storeji giga mia." Mzee akashtuka, "Giga mia mwanangu? Za nini zote hizo?" Kijana anataka diski, mzee amesikia memori, maana kwao storeji ni memori na diski inaitwa DASD, na kubuti kunaitwa IPL. Barua pepe zikaenda wiki nzima, kila upande unaona mwenzake hajui kazi, mpaka walipokaa meza moja na karatasi. Wote wawili walikuwa wanajua kazi vizuri kabisa.

Sikuizi konteina, programu zilizofungwa pamoja na vitu vyake vyote, zimeleta la kwao. Unavuta imeji, kile kifurushi chenyewe, inagoma kuwaka kwa sababu aliyeitengeneza alifikiria x86 tu, prosesa za PC. Ukiikompaili mwenyewe unakutana na mpangilio wa baiti, s390x inaanza na baiti kubwa, PC inaanza na ndogo. Kuna kiprogramu kidogo cha kuhifadhi data ninachokipenda, kiliandika namba 1 kwenye laptopu, nikalipeleka faili kwenye s390x ikasomeka 16777216. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna chochote, namba tu imesimama pale kama ya kweli, na hilo ndo linanitisha kwenye mashine zinazoshika pesa za watu. Nimekaa nayo siku mbili, nikaipata sehemu inayoandika baiti moja kwa moja kutoka memori bila kupanga, nikaibadilisha mistari minne na kumtumia mwenye programu. Ameipokea jana. Sasa moja ni moja kotekote.