Carreg Cennen na shamba la minazi

Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku, simu yangu haina chaji, na binti yangu akauliza kutoka kwenye kochi: "Mama, kuna giza kubwa kuliko hili?" Nikamwambia lipo, na nilishaliingia. "Wapi?" Wales. Akanyamaza, nadhani aliona namtania. Umeme uliporudi naye akarudi kwenye katuni zake, mie nikabaki Carreg Cennen, ngome ya kale kule Wales.

Wale wa siku nyingi hapa mnamjua Dada wa Pangani, yule aliyenilisha wali wa nazi ya kopo miaka yote niliyosoma Swansea, mji wa huko huko Wales. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku, na siku zake za mapumziko zilikuwa za kulala tu. Kwa hiyo nilishangaa aliponipigia Jumatatu asubuhi na mapema. "Mdogo wangu, ile ngome uliyokuwa ukinisumbua nayo, twende leo." Nilikuwa na kipindi. Nikakiacha.

Treni ya behewa moja hadi Ffairfach, kisha miguu, njia nyembamba za kupanda na kushuka, manyunyu, kondoo wametukodolea macho. Dada mbele, mie nyuma nahema. Ngome unaiona zamani kabla hujaifikia: jabali la mawe ya chokaa limesimama peke yake juu ya Mto Cennen, karibu mita 90 kwenda juu, na upande wa kusini limekatika wima. Kuta zimejengwa ukingoni kabisa, hata hujui jabali linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Tiketi unakata kwenye shamba la mifugo lililo chini yake, na hapo hapo wanakukodisha tochi. Mchana kweupe, tochi.

Juu tulijibanza nyuma ya ukuta tukakwepa upepo, nikamsomea Dada maelezo. Mie msomaji, yeye hakimu. Nikamsomea kwamba mwaka 1462, katika vita vya koo mbili za kifalme zilizogombea kiti cha Uingereza, waliletwa watu 500 na sururu na mitaimbo waibomoe isije ikatumiwa tena na maadui, na kazi yote ikagharimu pauni 28 na ushei. Pauni ya siku hizo ilikuwa na shilingi 20. Dada akapiga hesabu kwa vidole. "Shilingi moja na kitu kila mtu! Kubomoa mawe yote haya! Na mie nalalamikia zamu za usiku."

Nikaendelea. Kabla Mfalme Edward wa Kwanza hajawapa akina Giffard mahali hapa mwaka 1283, wakajenga kuta hizi zinazoonekana sasa, palikuwa mikononi mwa watawala wa Wales wenyewe. Mwaka 1248 mama mmoja, Matilda, aliwakabidhi Waingereza ngome kwa sababu tu hakumpenda mwanawe, Rhys Fychan. Rhys ikabidi aipiganie mpaka akairudisha.

Nilitegemea Dada aseme mama gani huyo. Hakusema. Alivunja kipande cha biskuti, akakitafuna mpaka kikaisha. "Wangu aliuza shamba la minazi," akasema. "Kwa mtu baki. Ili mie nisilipate." Kisha akacheka, nami nikacheka kwa kuwa yeye kacheka.

Tochi sasa. Kwenye pembe ya uwanja wa ndani kuna ngazi za kushuka, halafu ujia wa mawe unaopita ukingoni mwa genge, una matundu ya kuingiza mwanga, na ukutani kuna vishubaka walimofugia njiwa. Mpaka hapo ni jengo. Ghafla sakafu iliyonyooka inaisha, mkono unaacha mawe yaliyochongwa unashika mwamba wenyewe, wenye majimaji, unateleza, na unaanza kushuka tumboni mwa jabali. Mafundi wale walijisumbua kujenga ujia mzima ukingoni ili walifikie pango hili na kuliweka ndani ya ngome yao. Tulishuka tumeinama, Dada akisoma Kulhuwallah kwa sauti ya chini, mie nikimulika viatu vyake, viatu vyeupe vya kazini, kisigino cha kushoto kimelika upande.

Mwishoni kuna kijishimo kinachopokea matone ya maji. Zamani watu walikuwa wakitumbukiza pini humo na kuomba haja zao. Nilikuwa bado namweleza hilo Dada aliposema, "Hebu zima." Nikazima. Akazima na yake.

Sijui niwaeleze vipi. Giza la nyumbani lina mapengo: kuna nyota, kuna jiko la jirani, kuna gari litakalopita. Hili halikuwa na pengo. Niliweka kiganja mbele ya pua, nikahisi joto la pumzi yangu likirudi, lakini kiganja hakikuwepo. Tone likaanguka. Nikangoja jingine, likachelewa, nikaanza kudhani yamekoma, likaanguka. Nguo za Dada zilinukia mafuta ya nazi na sabuni ya kazini. Alikuwa karibu kuliko nilivyodhani.

"Amezikwa Ijumaa," akasema.

Nilijua ni nani. Nikasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, na sauti yangu ikanijia kutoka ubavuni, si mdomoni. Nikanyoosha mkono nimguse, nikagusa mwamba. Nikaupeleka upande mwingine, nikapata bega. Halikutikisika, hakuwa akilia. Tulikaa hivyo matone kadhaa.

"Una pini?"

Nikachomoa moja kwenye mtandio wangu, nikaipapasia mpaka kwenye kiganja chake. Sikusikia ikianguka majini. Akawasha tochi. "Haya, tupande, magoti yanauma."

Nje upepo ukauchukua mtandio wangu mara moja, maana ile pini ndiyo iliyoushika, na tukaukimbiza nyasini mbele ya wazee wawili wa Kizungu waliojitia hawatuoni. Dada alicheka sana. Kule shambani, kwenye ghala walilogeuza mgahawa, tukanywa chai, na hapo nikasimuliwa kwamba familia ile ilinunua shamba miaka ya 1960 na ngome ikaingia nayo, kwa sababu aliyeandika hati alikosea akaijumuisha. Nikamtafsiria Dada. Akaweka kikombe chini. "Yaani wenzetu hati ikikosewa wanapata ngome nzima." Akaagiza keki nyingine, akalipa yeye.

Hakulitaja tena lile neno la pangoni, si kwenye treni wala baadaye. Nami sikuuliza. Wiki ile nilipika nikampelekea, nikasema chakula kimebaki. Mpaka leo sijui kama nilimsitiri au nilimwacha peke yake. Msiba wa mama hausomewi hitima na watu wawili gizani, lakini pengine alinipeleka kule juu makusudi, apate kusema pasipo uso wa mtu. Au alitaka niuone uso wake tukishatoka, nikawa nimeshughulika na mtandio. Siku nyingine naamini hili, siku nyingine lile.

Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti baada ya Idi. Salamu ndefu, watoto, baridi, kisha katikati, kama mtu aulizaye bei ya vitunguu: je, namjua mtu wa ofisi ya ardhi kule Pangani? Anataka tu kujua shamba lile sasa liko kwa jina la nani. Nikamjibu namjua. Namba nimempa, na mume wangu anasema niliwachongea wanunuzi wa watu.