Jinsi nilivyoondoa mwasho kwenye kinyago cha gesi

Nilikivaa ili tu nione kama kinanikaa. Dakika haijaisha, macho yananitiririka machozi na pua inawaka. Kinyago kilikuwa cha askari wa kutuliza ghasia, kimeshaondolewa kazini, nami nilikitaka kwa ajili ya kabati la maonyesho tu.

Kwanza nililaumu mpira wa zamani. Kumbe ni CS, ile tunayoiita gesi ya machozi. Kwa kweli si gesi, ni unga laini sana, na hujificha kwenye mikunjo na kamba za kitambaa.

Kosa langu: nilikiosha bafuni kwa maji ya moto. Mvuke ukaupandisha unga hewani, nikatoka mbio kama mwizi.

Mara ya pili nilifanyia nje, nikiwa na glavu na miwani ya kazi, upepo ukinipiga mgongoni. Maji baridi, sabuni ya vyombo na bekingi soda kidogo, kwa sababu CS huvunjika haraka zaidi kwenye maji yenye alkali. Nilichomoa vali na kuziosha moja moja. Kamba ndizo zilizonisumbua: nilizilowesha usiku kucha, nikabadilisha maji mara tatu. Kioo cha plastiki sikukigusa kwa asetoni, kingefifia. Nilianika kivulini, maana jua hupasua mpira.

Chujio halioshwi. La zamani nililifunga kwenye mfuko nikalitenga na taka za sumu, na mahali pake nimekaza kopo tupu la chujio, lenye mdomo wa skrubu wa milimita 40.